Nilivyokwenda Kumleta Dada Yunisi

Tangu nirudi sijanywa chai kwa amani ofisini kwa walimu. Kila anayeingia ananiuliza lile lile: "Enhe, Mwalimu Danieli, dada yuko wapi?" Nikisema hakuja, ananitazama kama mtu aliyetumwa sukari akarudi na chumvi. Nimeanza kusimulia mara nane, na mara zote kengele imelia kabla sijafika Mombo. Basi nimeandika. Someni, mkimaliza mnirudishie kiti changu.

Kwa wasiomjua, Dada Yunisi ndiye kifungua mimba wetu. Amenizidi miaka tisa, na mgongo wake ndio ulionibeba mpaka nikajua kutembea. Aliolewa na Shemeji Amosi, fundi seremala Msambaa aliyekuja Dodoma kutafuta kazi. Akamfuata kwao Kwemlulu, kijiji kilicho juu huko Lushoto, njia ya kwendea Shume. Walikaa huko miaka thelathini. Mungu hakuwajalia mtoto. Shemeji alipofariki, miaka mitatu iliyopita, sikwenda kuzika. Niliwaambia watu kwamba nilikuwa nasimamia mitihani, na ni kweli nilikuwa nasimamia, ila mitihani ilikwisha siku mbili kabla ya mazishi.

Masika ya mwaka huu mlima ukaporomoka juu ya nyumba ya Dada. Akatoka hai. Kwenye simu alisema maneno machache tu: "Niko salama, msihangaike." Sisi tukahangaika kwa vikao. Kikao cha tatu kiliamua kwamba mjane asiye na mtoto hawezi kuachwa peke yake milimani, arudishwe nyumbani. Chumba kikapakwa rangi. Mama, ambaye siku hizi hatembei zaidi ya uani, ndiye aliyechagua rangi. Alipotafutwa wa kwenda kumchukua, nikateuliwa mimi, kwa sababu ni mwalimu wa jiografia na "anaijua milima." Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha maporomoko ya ardhi, lakini mlima pekee niliokuwa nimewahi kupanda ni kilima cha Mlimwa, tena kwa pikipiki.

Kwa hiyo likizo ya Juni ilipoanza, nikafunga safari.

Dodoma hadi Mombo, kwa kupitia Same

Nilikuwa na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa begi langu, lenye mashati ya mikono mifupi na mfuko wa mlenda mkavu aliousaga Mama kwa mkono wake. Wa pili ulikuwa robota la vyandarua thelathini. Majirani zetu walivichanga kwa ajili ya waathirika, nami nilikuwa nimesimama mbele yao nikaeleza kwa kirefu jinsi mbu wanavyozaliana baada ya mafuriko.

Chalinze nilibadili basi nikapanda la Arusha. Nikamwambia kondakta anishushe Mombo, naye akakubali. Nikala mahindi ya kuchoma, nikaegemea dirisha, nikalala. Nilipoamka jua lilikuwa limegeuka, na mkono wa kulia kulikuwa na milima mirefu ya kijani. Nikafurahi. Nikamwambia mama aliyekaa jirani yangu, mtu mzima mwenye kilemba cha kitenge, "Hiyo ndiyo Usambara. Tukifika mwisho wake tutakuwa Mombo."

Akaitazama milima, akanitazama na mimi. "Unafanya kazi gani, baba?"

"Mwalimu. Jiografia."

Akarekebisha kilemba chake, nadhani alikuwa akitafuta namna ya kunistahi. "Mwalimu," akasema, "hiyo ni Upare. Mombo tumeiacha muda mrefu. Kondakta alikuita mara tatu, ukamjibu asante."

Tulishuka wote Same, kwake yeye ndiko nyumbani. Hakuniacha stendi. Alisimama na mimi juani kama mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni, akamsimamisha dereva wa basi lililokuwa likirudi Korogwe, akamwambia, "Huyu anashuka Mombo. Akilala, mwamshe kwa kumshika bega, kwa sauti haamki." Kisha akanipa ndizi mbivu nne. Nilishuka Mombo jioni, baada ya kuamshwa kwa bega, nikalala kwenye nyumba ya wageni ambako joto lilinihakikishia kwamba mashati yangu yalikuwa chaguo la hekima.

Mombo hadi Lushoto

Asubuhi nikaambiwa magari madogo yamesita, maana mawe yalikuwa yameshuka tena barabarani chini ya Soni. Dereva mmoja wa Fuso aliyekuwa ameshusha kabichi sokoni alikuwa akirudi juu mtupu. Jina lake Mzee Shebughe, mtu mfupi asiye na haraka. Akanikaribisha mbele, robota la vyandarua likatupwa nyuma kati ya majani ya kabichi yaliyobaki.

Tulipanda kona baada ya kona, bonde likizidi kuzama upande mmoja na ukuta wa mwamba ukipakana nasi upande wa pili. Kona ya kumi na kitu tukakuta foleni. Mbele yake mtambo wa kijiko ulikuwa ukisukuma mawe taratibu kuelekea bondeni. Watu walishuka, wakakaa juu ya mizigo yao. Tulikaa hapo kutoka saa tatu hadi saa sita.

Mnanijua. Watu wakikaa pamoja bila kazi, mimi huona darasa. Nikasimama kando ya ukuta wa mwamba nikaanza kueleza kwa nini mlima huporomoka. Nikasema juu ya maji kujipenyeza, tabaka za udongo, mteremko na mizizi ya miti. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Mzee mmoja mwenye baraghashia alikuwa akitikisa kichwa kila nikimaliza sentensi, nikaona nimepata mwanafunzi. Nilipofika kwenye dalili za hatari akanyanyua mkono.

"Ahsante, mwalimu. Yote uliyosema ni kweli, tumeyaona," akasema. "Sasa sogea huku kidogo. Hapo uliposimama ndipo yanaposhukia."

Nikasogea. Hakuna aliyecheka mbele yangu, ila Mzee Shebughe alikwenda nyuma ya gari akakaa huko kwa muda.

Mchana wakatoa vyakula. Mzee Shebughe alikuwa na kopo la makande, mama mmoja alikuwa na magimbi ya kuchemsha, mwingine maparachichi. Mimi nilikuwa na ndizi moja iliyobaki, nyeusi. Waliiweka katikati pamoja na vyakula vingine, wakaigawa. Wakati wa kula ndipo niliposikia habari za masika yao kutoka kwa watu wenyewe. Mmoja alipoteza shamba lote la karoti. Mwingine alimzika baba mkwe. Walisema kwa sauti ile ile waliyotumia kuniombea nipewe gimbi lingine. Nikakumbuka kwamba kwenye darasa langu la asubuhi sikutaja mtu hata mmoja.

Soni ikapita, baridi ikaingia. Tulipofika Lushoto meno yangu yalikuwa yakigongana, na Mzee Shebughe akanipeleka moja kwa moja kwenye mitumba. Nilichagua koti zito la rangi ya zambarau iliyokolea, lenye kola ya manyoya. Lilinikaa vizuri kiunoni. Niliona watu wakiniamkia kwa heshima ya pekee, nikadhani ni umri. Siku ya pili ndipo Dada aliponieleza kwamba vifungo vya koti lile viko upande wa kike, na kwamba lile ni koti ambalo mke wa mchungaji angevaa Krismasi.

Kwa miguu hadi Kwemlulu

Fuso iliniacha ng'ambo ya Magamba, mahali ambapo barabara ya kijiji ilikuwa imekatwa na maji na haijatengenezwa. Kuanzia hapo ni miguu. Nikamuuliza kijana wa duka ni umbali gani, akasema saa moja. Sikujua kwamba alikuwa akihesabu kwa miguu yake.

Ukungu ulikuwa umeshuka, na njia ilipanda kati ya misonobari iliyodondosha matone. Nilikuwa na viatu vya ngozi, vile vya mahafali. Nilianguka mara ya kwanza karibu na mto, mara ya pili nikijaribu kuinuka kutoka ya kwanza. Nilikuwa nimekaa juu ya robota nikihema, najifanya natazama mandhari, akatokea bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia. Uso wake ukabadilika. "Wewe ndiye mdogo wake Yunisi?" Nikaitikia. "Yule mwalimu?" Nikaitikia tena, kwa sauti ya chini. Akatua kuni zake pembeni ya njia, akaziegemeza kwenye mti, akaniambia nimpe robota.

Nilikataa. Nilikataa kwa hatua kama thelathini hivi. Baada ya hapo alilipandisha kichwani akatangulia, akiongea nami bila kugeuka na bila kuhema, nami nikifuata na begi dogo nikijibu kwa silabi moja moja. Kila nilipouliza alisema tumefika. Tulikuwa tumefika kwa saa mbili na nusu.

Kwemlulu

Tulitokea juu ya ukingo, ukungu ukapasuka, nikaona.

Upande wa kushoto mlima ulikuwa umechanika kutoka juu hadi chini, jeraha jekundu lenye upana wa viwanja viwili vya mpira. Palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo na mawe. Nimechora mchoro wa jambo hili ubaoni mara nyingi sana, na mishale.

Ukingoni mwa jeraha hilo, safu ya miti ilikuwa imesalia, kama kumi na tano, na yote ilikuwa imegeuka rangi. Mingine ilikuwa ya manjano, mingine nyekundu kama kutu, mingine zambarau. Majani yalidondoka yenyewe, bila upepo, moja moja, yakalala juu ya udongo mwekundu. Nikamwambia yule bibi kwa huzuni, "Poleni. Kumbe hata miti imekufa."

Alishusha robota ili acheke vizuri. "Hiyo? Hiyo ni mipeasi na miplamu ya Amosi. Imelala tu. Kila kipupwe inalala."

Ndugu zangu, nimefundisha misimu minne ya nchi za baridi, nimesahihisha mitihani yake. Nikaona majani yanapukutika kwa mara ya kwanza maishani, nikatoa pole ya msiba.

Chini ya ile miti, mahali pa tambarare mbali na mporomoko, kulikuwa na watu kama arobaini wakifanya kazi. Ulikuwa msaragambo, kazi ya pamoja, na walikuwa wakimjengea nyumba Dada Yunisi. Wengine walichimba msingi, wengine walinyoosha mabati yaliyokunjwa na udongo kwa kuyapiga na nyundo za mbao. Dada alikuwa kwenye mafiga, amejifunga kitenge, mwiko mkononi. Amekonda. Aliniona akasimama, akaniangalia mimi na koti langu, akasema, "Danieli, umevaa nini?" Kisha akanishika shingoni kama zamani, na wote wawili tukalia mbele ya watu wale ambao waligeuka kutazama kwingine kwa pamoja, kama walioagizwa.

Nikakabidhi vyandarua. Bibi mmoja mzee sana alivipokea kwa niaba ya wengine, akanishika mikono miwili akasema, "Hongea."

Nikasikia "ongea." Nikaona ni haki, mgeni aseme neno. Nikasema nimetoka Dodoma, nikaleta salamu za majirani. Bibi akasema tena, "Hongea, hongea sana." Nikaongea sana. Niligusa umoja wa taifa. Niligusa mbu. Kila nilipotaka kukaa, mtu mwingine aliitikia "hongea," nikachukua pumzi nikaendelea, na wale watu walikuwa wamesimama na majembe, msingi unasubiri, mvua inanyemelea. Mwisho Dada alikuja akanivuta mkono.

"Wanakushukuru," akasema kwa sauti ya chini. "Ndiyo ahsante ya Kisambaa. Kaa."

Kuhusu vyandarua, hakuna aliyeniambia kwamba Kwemlulu ina baridi kiasi kwamba mbu ni hadithi ya watu wa Mombo. Walinishukuru. Kesho yake nilikuta vitatu vimezungushiwa vifaranga dhidi ya mwewe, na kimoja kinachujiwa maziwa.

Siku tatu kwa Bi. Zaituni

Dada alikuwa akiishi kwa jirani yake, Bi. Zaituni, mama wa makamo mwenye maneno machache. Bi. Zaituni alimpa kitanda chake, yeye akalala chini na wajukuu. Nilipofika mimi, wajukuu walihamishiwa jikoni na mimi nikapewa mkeka mzuri kuliko yote. Nilisema nisisumbue mtu. Bi. Zaituni akaniuliza kama nataka makande yenye nazi au bila nazi, na hapo ndipo mjadala ulipoishia.

Dada akapika ule mlenda wa Mama. Alipounusa aliacha kukoroga, kisha akakoroga tena. Bi. Zaituni alionja, mlenda ukamvutika kutoka kijikoni hadi kidevuni, akaumeza kwa ushujaa. "Ni mzuri," akasema. "Unateleza wenyewe, haukusumbui kutafuna." Kisha akala kidogo kila siku kwa siku tatu, kwa sababu ulitoka kwa mama yake Yunisi.

Siku ya pili niliona mkono wa kulia wa Bi. Zaituni. Vidole viwili havikuwa na kucha, na kimoja kilikuwa kimepinda. Nikamuuliza ameumia nini. Akasema, "Ni udongo tu," akaenda kukamua ng'ombe. Aliyenieleza ni Mwinjilisti Yoeli, kiongozi wa kanisa lao la Kilutheri, tukiwa tunabeba mawe. Au tuseme yeye alikuwa anabeba, mimi nilikuwa nimeshikilia jiwe moja.

Ilikuwa alfajiri. Bi. Zaituni alikuwa ameamka kuswali, akasikia mlima ukinguruma. Watu walikimbilia ukingoni kwenye mvua, wakaanza kuhesabiana kwa majina, nyumba kwa nyumba. Bi. Zaituni ndiye aliyesema, "Yunisi hayupo." Udongo ulikuwa bado unatembea. Wanaume wakasema wasubiri kupambazuke. Yeye hakusubiri. Alishuka na sufuria, akaanza kuchimba pale alipojua kuna kitanda, na sufuria ilipopinda akachimba kwa mikono. Wakamfuata. Walimkuta Dada amefunikwa hadi kifuani, ukuta umemlalia, mlango aliouchonga Amosi umeegemea juu ya kichwa chake na kuzuia paa.

"Dada hakutuambia," nikasema.

"Angewaambia, mngekuja mbio," akasema Mwinjilisti. Hakuwa na nia mbaya, lakini nililitua lile jiwe.

Kwa sababu kuna jambo ambalo sikulisema kikaoni wala hapa ofisini. Jioni ya kuamkia siku ile, Dada alinipigia. Niliona jina lake kwenye simu. Nilikuwa natazama mpira, nikasema moyoni nitampigia kesho. Nikaigeuza simu kifudifudi.

Nilimwambia Dada siku hiyo hiyo ya kubeba mawe. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nami nilikuwa nimehamishwa huko kutoka kwenye mawe, baada ya mafundi kukubaliana kwa upole kwamba kipaji changu kiko kwenye maharage. Nilimwambia yote, macho yakiwa kwenye ungo.

Hakuacha kuchambua. "Ilikuwa mechi ya nani?"

Nikamtajia.

"Mlishinda?"

"Tulifungwa mbili."

"Basi ulishaadhibiwa." Akapeta, makapi yakaruka. Baada ya muda akasema, "Nilitaka kukwambia mvua imezidi. Ungepokea ungenifanyia nini, Danieli? Ungenifundisha." Akacheka kidogo, kisha hakucheka. "Lakini ningependa kukusikia. Hilo sitakudanganya."

Tukachambua maharage yote.

Siku ya tatu kuta zilifika madirishani. Walikuwa wameufukua ule mlango wa Amosi, wa mbao ya mkarambati, umejaa udongo kwenye nakshi, na uwazi wa nyumba mpya ulikuwa umepimwa kwa kuufuata. Kazi ya kuusafisha nilipewa mimi. Hii niliifanya vizuri. Nilikaa chini ya miplamu na ndoo ya maji na mswaki wangu mwenyewe, nikatoa udongo kwenye kila ua na kila jani alilolichonga shemeji yangu. Majani mekundu yalikuwa yakianguka juu ya mlango na juu ya kichwa changu, nami nikiyaondoa na mengine yakija. Jua la kipupwe lilipita katikati ya matawi likawasha bonde zima, mashamba ya kabichi chini, moshi wa majiko, watu wakiitana. Sijawahi kuona mahali pazuri hivyo, na lile jeraha la mlima lilikuwa hapo hapo mbele yangu. Baadaye Bi. Zaituni alipita, akaukagua mlango kwa ule mkono wake, akasema, "Hongea." Mara hii nilinyamaza.

Jioni ile nikamwambia Dada kilichonileta. Kwamba chumba kiko tayari. Kwamba Mama amechagua rangi.

"Rangi gani?"

"Bluu."

Akatazama pembeni. Sikujua kwamba bluu ilikuwa na maana kwake na kwa Mama. Sikuuliza, na hakunieleza.

"Mwambie Mama nitakuja kumwona mavuno yakipita," akasema. "Nitalala kwenye chumba chake cha bluu hata mwezi mzima. Kisha nitarudi." Akanyoosha mkono kuelekea kijijini. "Dodoma nikikosekana asubuhi, nani atagundua kabla ya saa nne? Hapa walihesabiana gizani, wakaona mmoja amepungua. Siwezi kuondoka mahali kama hapo, Danieli. Nikiondoka, hesabu yao itaharibika."

Nilikuwa nimeandaa hoja saba. Nilizipanga toka Chalinze. Sikutoa hata moja.

Akaniongoza hadi kwenye kaburi la Shemeji, mwisho wa safu ya miti, mahali mporomoko haukufika. Lilikuwa limefunikwa na majani ya manjano kabisa, hata msalaba ulionekana nusu. Nikaona aibu. Kwetu kaburi chafu ni aibu ya ndugu, nami ndiye ndugu asiyekuja. Nikainama nikaanza kuyazoa kwa mikono.

"Acha," Dada akasema. "Aliipanda kwa ajili hiyo. Alisema akifa anataka apukutikiwe."

Nikayarudisha niliyoyazoa. Nikaomba msamaha, kwake na kwa Amosi, kwa maneno machache kuliko yote niliyowahi kutumia kwenye mkusanyiko wa watu zaidi ya mmoja.

Kurudi

Kushuka hakukuwa na visa vingi, zaidi ya kuteleza. Mwinjilisti Yoeli alinisindikiza hadi barabarani, amebeba begi. Nilimwachia Dada koti la zambarau, nalo lilimkaa sawasawa, hata vifungo.

Kikao cha familia kilikaa jioni niliyofika. Wajomba waliniuliza mmoja mmoja, kwa sauti mbalimbali, kama nilitumwa kutembea au kuleta mtu. Niliwaeleza kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Hawakuridhika, na sikuwatarajia waridhike. Mama alikaa pembeni mpaka walipoondoka. Kisha akaniita karibu.

"Hao waliomchimbua," akasema. "Wanaitwa nani?"

Nikaanza kumtajia. Zaituni. Yoeli. Hoza na mwanawe Semkae. Mama Rukia. Akanisimamisha, akalirudia kila jina taratibu mpaka likakaa mdomoni. Nilimtajia kumi na moja. Nilipowataja mara ya pili niliwachanganya wawili, akanisahihisha.

Kesho yake asubuhi nilimsikia akisali, mlango wake ukiwa wazi kidogo. Aliyataja yote kumi na moja, akianza na Zaituni, bila kuruka. Akamtaja Yunisi. Nikadhani amemaliza. Kisha akalitaja jina langu, la mwisho kabisa, akaomba nipewe miguu ya kurudi Kwemlulu.